Uwanja Unapanuka, Shabiki Anasogezwa Pembeni

Kuna jambo linalowachosha viongozi wa klabu hapa Kampala. Mashabiki wanalalamika miaka nenda miaka rudi kwamba uwanja ni mdogo, majukwaa hayana paa, vyoo havitamaniki. Siku mafundi wanapofika na kuanza kumwaga zege, walewale waliolalamika wanakuwa wa kwanza kununa. Viongozi wanabaki wanajiuliza: watu hawa wanataka nini hasa? Jibu la haraka, ambalo nimelisikia mara nyingi, ni kwamba shabiki wa Uganda hana shukrani, na tena amezoea kuruka ukuta.

Kuruka ukuta tunaruka, hilo sibishi. Lakini manung'uniko haya yana akili ndani yake, hata kama mara nyingi yanatolewa kwa matusi. Shabiki anayenuna mbele ya jukwaa jipya hajakataa viti. Anauliza viti hivyo vitakuwa vya nani siku ambayo hakuna mgeni wa maana, na kiingilio kitakuwa shilingi ngapi. Maswali hayo mawili ndiyo ambayo hakuna mtu anayemjibu kabla utepe haujakatwa.

Tuanze na Nakivubo, maana ndiko kwenye kidonda. Uwanja ule una asili yake mwaka 1926, na baadaye ukawa ukumbusho wa wanajeshi waliokufa vitani. Umekaa bondeni, soko la Owino ubavuni, paki ya teksi hatua chache, Kisenyi ng'ambo. Aliyefunga kibanda chake saa kumi alikuwa ndani ya uwanja kabla timu hazijamaliza kupasha misuli. Klabu ya SC Villa yenyewe ilianza mwaka 1975 kwa jina la Nakivubo Boys, kwa hiyo kusema kwamba Villa walikuwa wapangaji pale ni kusema nusu ya ukweli. Mwaka 1991 walicheza pale mechi ya marudiano ya fainali ya klabu bingwa Afrika na Club Africain ya Tunisia. Walikuwa wamepigwa 6-2 huko Tunis, wakatoka sare ya 1-1 nyumbani, kombe likaenda zake. Wazee wanaisimulia sare ile utadhani walishinda.

Mwaka 2017 vibanda vya soko la Park Yard, lililokuwa limebana ukuta wa uwanja, viliondolewa. Uwanja nao ukavunjwa. Ulirudi Aprili 2024, Rais akauzindua, na jina likawa Hamz, la mfanyabiashara Hamis Kiggundu aliyeujenga upya. Unatajwa kuwa wa watu 35,000. Nyasi ni bandia, viti ni vya plastiki, na ukiuzunguka kwa nje unakutana na maduka, tena maduka, tena maduka. Kati ya kuvunjwa na kurudi ilipita miaka saba. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza alimaliza shule ya msingi Villa wakiwa hawana Nakivubo. Na hapa kuna kichekesho ambacho watani wa Villa hawapendi kukumbushwa: ubingwa wa 17, uliosubiriwa tangu ule wa 2004, ulikuja Mei 2024, baada ya misimu yote ile ya kucheza ugenini hata walipokuwa nyumbani.

Nilikaa na watu kwenye mgahawa mmoja wa Kisenyi, sehemu ambayo Kiswahili ndicho kinachouza na kununua kwa sababu Mkongo, Msomali, Mnubi na dereva wa lori kutoka Mombasa wote wanakunywa chai palepale. Mzee mmoja kutoka Bombo, shabiki wa Villa wa siku nyingi, alikuwa anabishana na kijana fundi wa pikipiki.

"Zamani nilikuwa naingia kwa bei ya chai na mandazi mawili," mzee alisema. "Sasa nikifika mlangoni kuna kijana ananiuliza tiketi yangu ni ya jukwaa gani. Jukwaa gani? Mimi nakaa nyuma ya goli. Sikuwahi kukaa kwingine."

"Lakini Mzee, nyuma ya goli mlikuwa mnalowa wote," kijana akamjibu. "Na mke wangu ningemleta vipi? Choo kilikuwa wapi?"

Mzee alikoroga chai yake, asijibu. Sijui kama alishindwa au alimdharau tu yule kijana, lakini mimi naona kijana alimpata. Wanaoililia Nakivubo ya zamani wanasahau kwamba ilikuwa mahali pa wanaume. Mwanamke aliyekwenda pale alijua hatakunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kutoka katikati ya mechi. Ngazi zilikuwa za zege lililoliwa na mvua, na msukumano wa mlangoni ulikuwa nafasi ya dhahabu kwa wakwapuaji wa simu. Mtu anayetaka tuurudishe uwanja ule kama ulivyokuwa ana ujana wake anaoutafuta, na huo hata CAF, shirikisho la soka la Afrika, hawawezi kumrudishia.

Hata hivyo mzee ana hoja ambayo kijana hakuigusa. Duka linalipa kodi kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mpira unakuja siku chache, unaondoka. Mwenye uwanja akipiga hesabu zake vizuri, na mfanyabiashara gani hapigi, atagundua kwamba mpira ndio uliompa eneo na maduka ndiyo yanayomlisha. Simlaumu kwa hilo. Uwanja ulikaa mikononi mwa umma kwa miongo na umma haukuweza hata kuupaka rangi. Lakini ndani ya hesabu hiyo shabiki anageuka kuwa mpita njia. Villa wakitaka kucheza lazima waombe tarehe na walipie. Na klabu inayolipia uwanja hurudisha fedha yake mahali pamoja tu, mlangoni.

Sasa linganisha na Kitende. Lawrence Mulindwa, aliyepata kuwa rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, aliijengea klabu ya Vipers uwanja wake kwenye shule ya St Mary's, barabara ya Entebbe, ukafunguliwa mwaka 2017. Uko mikononi mwa mtu binafsi kama ulivyo wa Nakivubo, na mwenye mali anaonekana waziwazi. Hata hivyo sijapata kusikia Kitende manung'uniko ya aina ninayoyasikia mjini. Kwa nini? Kwa sababu pale hakuna aliyetangulia. Hakuna mzee anayeweza kusema hapa ndipo nilipokuwa nakaa. Kila kilichojengwa kilikuwa nyongeza, na mashabiki wa Vipers, wengi wao vijana na wanafunzi, waliupokea kama zawadi. Februari 2023 Simba walipokuja kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa, wakiwa na Robertinho ambaye miezi miwili kabla alikuwa kocha wa Vipers wenyewe, hasira yote ya siku ile ilikwenda kwa kocha na kwa lile goli moja lililowazamisha. Uwanja haukuwa na kosa.

Kwa hiyo anayesema mashabiki wanachukia wawekezaji hajaangalia vizuri. Pasipokuwa na kumbukumbu, upanuzi ni neema. Palipo na kumbukumbu, ni mazungumzo kati ya watu wawili wanaodai sehemu moja, na mmoja wao ndiye aliyeshika funguo.

Lugogo ni kesi ya tatu na kwangu ndiyo ngumu zaidi. Ule ni uwanja wa KCCA, timu ya jiji iliyoanzishwa 1963, na unabeba jina la Phillip Omondi, mshambuliaji wa KCC, kama KCCA ilivyoitwa zamani, na wa Cranes, timu ya taifa, aliyekuwa miongoni mwa wafungaji bora wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 1978, pale Uganda ilipofika fainali na kufungwa na Ghana 2-0. Siku hizi mbele ya jina lake limewekwa la kampuni ya simu, MTN Omondi. Mwaka 2017 ulitandikwa nyasi bandia, na mwaka huohuo KCCA wakacheza pale hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho. Uwanja ulikuwa mdogo, watu wamebanana hadi kwenye uzio, unasikia kipa anavyomtukana beki wake. FUS Rabat na Club Africain, timu zilizozoea viwanja vya maelfu kwa maelfu, zote zilipigwa Lugogo.

Mwaka uliofuata KCCA waliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa yenyewe na wakahamia Namboole, uwanja wa taifa. Waliifunga Al Ahly 2-0, ushindi ambao sitausahau, na mtu anaweza kunishika hapo: si unaona, uwanja mkubwa nao unaleta ushindi? Ndiyo. Lakini muulize shabiki wa KCCA usiku upi alihisi kwamba yeye mwenyewe alifunga goli. Namboole ina njia ya riadha kati ya jukwaa na mstari wa pembeni. Kelele yako inakimbia mita 400 kuzunguka kabla haijamfikia mchezaji. Shabiki wa Lugogo anayeona ramani ya majukwaa mapya, yenye vyumba vya vioo na viti vya wageni waalikwa vilivyopangwa pale mstari wa katikati, anajua kinachochukuliwa hata kama hajui kukieleza. Anachukuliwa ule uzio aliokuwa akiushika.

Tusijifanye hatujui haraka hii yote inatoka wapi. Machi 2023 Cranes walicheza na Tanzania mechi ya nyumbani ya kufuzu AFCON, wakaichezea Ismailia, Misri, na wakafungwa 1-0. Tulihesabiwa wenyeji kwenye mji ambao hata chai yao hatujui inanywewaje. Algeria, miezi mitatu baadaye, tuliwapokea Douala, Kameruni. Namboole, iliyofunguliwa 1997 kwa msaada wa China, ilikuwa haikubaliki tena, na jeshi likapewa kazi ya kuikarabati. Aibu ile iliingia watu mwilini. Tangu hapo neno la mkaguzi wa CAF limekuwa kama amri: kiti kimoja kimoja chenye namba, taa za kiwango, vyumba vya kubadilishia nguo, chumba cha daktari, chumba cha waandishi, milango inayohesabu watu.

Hayo yote ni mambo mema, na mengine yanaokoa maisha. Ila angalia orodha yenyewe ilivyo. Inamjali mchezaji, mwamuzi, mwandishi, mgeni wa heshima na kamera. Shabiki yumo kama kichwa cha kuhesabiwa na kulindwa asiumie. Hakuna kipengele kinachouliza fundi wa Kireka atatoka kazini saa ngapi, au mama wa Bweyogerere atapita wapi akirudi usiku, au tiketi ya chini kabisa ni sehemu gani ya ujira wa siku. Klabu zetu zinapopanua viwanja kwa kufuata orodha hiyo tu, zinajenga kwa ajili ya mkaguzi anayekuja mara chache. Anayekuja kila wiki kutazama mechi ya ligi hakuulizwa.

Namboole mpya ilipofunguliwa tulifurahi, mimi nikiwemo. Agosti 2025, kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tuliyoandaa na Kenya na Tanzania, pale palikuwa pa moto. Sare ya 3-3 na Afrika Kusini, watu wazima walilia. Tulipotolewa na Senegal kwa bao moja kwenye robo fainali, watu walitembea hadi Bweyogerere kimya, boda wakiomba bei ya kawaida bila kubishana. Lakini baada ya mashindano njoo kwenye mechi ya ligi ya katikati ya wiki, uhesabu viti vyenye watu. Katika viti 45,000 vya Namboole au 35,000 vya Nakivubo, mashabiki elfu mbili wanaonekana kama wamesahauliwa. Elfu mbili haohao Lugogo, au Arua, wanaitia hofu timu ngeni.

Arua nimeitaja makusudi. Onduparaka walipopanda Ligi Kuu mwaka 2016 hawakuwa na uwanja wa kujivunia. Green Light ni uwanja ambao mtu wa Ulaya angeuita wa mazoezi. Ila klabu za Kampala ziliogopa safari ile, na sababu haikuwa umbali wa barabara tu. Mashabiki walikuwa wanasimama karibu kiasi cha kumshauri winga wa timu ngeni, kwa Kiswahili, Kilugbara na lugha nyingine ambazo hakuzihitaji kuzielewa ili apate ujumbe. Umati ule haukuletwa na viti. Uliletwa na timu, na timu ilipoyumba hata watu walipungua. Ndiyo maana sina imani na hoja ya "jenga kwanza, watakuja". Kwa mpira wetu mpangilio ni mwingine, na wanaotaka mfano wa karibu wawatazame wenzetu wa Dar: Simba na Yanga wamejaza uwanja wa Mkapa, wa watu 60,000, bila yeyote kati yao kuumiliki.

Kuna mtu ataniambia kwamba mbona mashabiki haohao wa Kampala wanashangilia viwanja vya Uingereza vikipanuliwa. Ni kweli. Mashabiki wa Liverpool hapa mjini wanajua Anfield imefika watu 61,000 kama wanavyojua namba zao za simu. Manchester United walipotangaza Machi 2025 mpango wa uwanja mpya wa watu 100,000, vibanda vya video vilikuwa na furaha ambayo timu yenyewe ilikuwa haijatupa kwa muda mrefu. Hatununi kwa sababu hatulipi. Kiti cha Anfield hakimsogezi mtu wa Wandegeya.

Wanaolipa walinuna sana. Februari 2016 jukwaa kuu jipya la Anfield lilikuwa linajengwa, na wamiliki wakatangaza kwamba msimu unaofuata tiketi ya juu kabisa itakuwa pauni 77. Kwenye mechi na Sunderland, dakika ya 77, maelfu ya mashabiki walisimama wakatoka nje. Liverpool walikuwa wanaongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi, wakaiacha tiketi ya juu kwenye pauni 59. Jukwaa lilimalizika, lipo hadi leo, na hakuna aliyesema mashabiki wale walikataa maendeleo. Walikataa kulipishwa maendeleo peke yao, nao walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: vyama vya mashabiki vinavyojua kusoma hesabu za klabu na vinavyokubaliana dakika ya kutoka.

Sisi tuna matawi. Tawi linaandaa basi, linashona jezi, linachanga msiba ukitokea, linapanga ngoma. Kwenye kazi hizo hakuna wa kulishinda. Lakini mwulize mwenyekiti wa tawi lolote kama amewahi kuonyeshwa ramani ya jukwaa kabla halijajengwa. Mashabiki wetu huitwa siku ya kuzindua, wavae jezi, wapige vuvuzela mbele ya kamera. Kisha tunashangaa kwamba maoni yao yanakuja yakiwa hasira.

KCCA wako mahali pazuri kuliko klabu zote kuvunja tabia hii, kwa sababu mwenye timu ni mamlaka ya jiji na mwenye jiji ni mlipa kodi. Hawana tajiri wa kumwogopa. Kabla ya nguzo inayofuata kusimamishwa Lugogo, wangeweza kuandika mambo matatu kwenye karatasi moja na kuibandika mlangoni: idadi ya nafasi za bei ya chini ambazo hazitapunguzwa, bei hiyo itakaa misimu mingapi, na timu itacheza wapi wakati mafundi wako kazini. Wakiwa na fedha ya paa moja tu, waliweke upande wa wanaosimama, kwa sababu mgeni wa heshima ana gari la kukimbilia mvua ikinyesha. Na ule uzio wa pembeni uachwe karibu na mstari kadiri sheria zinavyoruhusu.

Villa hawana uwezo wa kuandika karatasi kama hiyo kwa Nakivubo, kwani uwanja si wao. Wanachoweza ni kudai bei ya mlangoni iwe sehemu ya mkataba wa kila mechi, tena waidai sasa, wakati AFCON ya 2027, tutakayoandaa na Kenya na Tanzania, inawafanya wenye viwanja wote wapende kuonekana wema. Julai 2027 ikishapita, viwanja vitakuwepo, taa zitakuwepo, na atakayekuwa na haraka ya kukaa mezani na klabu ya ligi atakuwa amepungua sana.